Mbao Mbili Juu ya Ukungu

Sauti ya Munyemana humfikia mgeni kabla ya uso wake. Mtu anayeingia Muganza kwa mara ya kwanza, amekaa juu ya magunia ndani ya lori, husikia kutoka machimbo ya mawe mwanaume akiita majina, moja baada ya jingine, kwa sauti nene isiyo na haraka. Jina linaitwa. Panakuwa kimya. Kisha jibu linatoka mahali fulani nyuma ya vumbi, "Niko!", na jina jingine linafuata. Wageni wengi hudhani ni sala. Kumbe mwamba uko karibu kulipuliwa kwa baruti, na Munyemana hataki ulipuliwe mpaka kila aliyeingia machimboni zamu hiyo awe ameitika.

Ukimwona ndipo unashangaa kwamba sauti ile inatoka kwa mtu yule. Ni mfupi, mabega yameinama mbele kama ya mtu aliyezoea mizigo, na kichwani huvaa kofia ya sufu ya bluu, katika joto la tambarare ya Bugarama ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli asubuhi.

Kazi ya kuita hakupewa na mtu. Aliajiriwa kupasua mawe kwa nyundo, na king'ora kipo, kinalia hadi wakulima wa mpunga wanakisikia. Bimenyimana, ambaye ndiye anayewasha baruti, hakuchoka kumtania, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Papa Umuhire, wewe ni mukatekista ama mufanyakazi? Bantu bote bamesikia king'ora."

"King'ora hakijui nani hajaitika," Munyemana alimjibu, akaendelea kuita.

Wenzake walimzoea. Walisema ni tabia ya watu waliokulia Kongo, kupenda kelele. Naye aliwaacha waseme hivyo, maana sababu yenyewe hakuwahi kumweleza mtu yeyote, hata mkewe Marguerite. Ilikuwa imekaa ndani yake tangu mwaka wa tisini na mbili, na kwa muda mrefu alitumaini itazeeka pamoja naye na kuzikwa kimya kimya.

Basi mwaka huu wa elfu mbili na tatu, wakati watu walipoanza kusema kwamba vita vya Kongo vinaelekea kwisha, Maman Épiphanie akaleta habari.

Épiphanie ni mama wa makamo anayenunua mchele Bugarama, anaupakia kwenye malori hadi Kamembe, kisha anavuka daraja la Rusizi ya Kwanza na kuuuza Bukavu. Kwa miaka yote ya vita, wakati wanaume waliogopa kuvuka, yeye alivuka. Mwanaume wa Rwanda akionekana Bukavu siku zile aliulizwa kwanza bunduki yake ameiacha wapi. Mwanamke mwenye gunia kichwani aliulizwa bei ya mchele. Siku hiyo Épiphanie alimkuta Munyemana anatoka zamu, vumbi limemfanya mweupe mpaka kwenye kope.

"Papa Umuhire, niko na salamu zako za ku Bukavu. Kuko mwanaume moja pale soko, anashona viatu. Hana vidole vya miguu. Anaambia kila muntu asema kuko Munyarwanda moja alimubeba ku mugongo, akamutoa ku kifo. Nikamuuliza, jina lake nani? Akasema Munyemana."

Munyemana alivua kofia, akaikung'uta kwenye paja, akaivaa tena. Aliuliza neno moja tu: huyo fundi anaitwa nani. Alikuwa anajua jibu.

"Mirindi," Épiphanie akasema.

Munyemana na Mirindi walikua pamoja Kadutu, mtaa wa juu ya soko la Bukavu. Baba yake Munyemana alikuwa mkimbizi wa Rwanda wa zamani; baba yake Mirindi alikuwa Mushi, mwenyeji wa Kabare. Watoto hawakujali. Walipokuwa vijana, kazi ilipokosekana mjini, Mirindi ndiye aliyesikia kwamba kaskazini kabisa, kwenye milima ya Ruwenzori, Wazungu wanalipa watu wa kuwabebea mizigo. Walipanda malori wakapita Goma, wakapita Beni, wakafika chini ya mlima ambao kilele chake kilijificha mawinguni karibu kila siku.

Kapita wa wapagazi pale, yaani msimamizi wao, alikuwa mzee wa Kinande, mkavu, asiyecheka. Aliwafundisha kazi: kufunga mzigo kwa kamba inayopita juu ya paji la uso, kuruka kutoka fungu moja la majani hadi jingine ili matope yasikumeze, kukausha soksi tumboni wakati wa kulala. Akawafundisha pia sheria yake ya maziwa. Kule juu kabisa, kati ya miamba, kuna maziwa madogo yenye maji meusi, na kapita alisema maziwa yale hayapendi kelele. Ukipita kando yake hakuna kuimba, hakuna kupiga mluzi, na zaidi ya yote hakuna kuita jina la mwenzako, maana ukiita, ukungu unazidi na mvua ya mawe inashuka. Wapagazi wote waliishika sheria hiyo kama wanavyoshika kamba ya mzigo.

Mwaka huo wa tisini na mbili, mvua kubwa zilipoanza kupungua, walikuja Wafaransa wawili wenye mzigo ambao haujawahi kuonekana pale: mbao ndefu nyembamba, zimepinda ncha, laini kama sahani. Walieleza kwamba watazivaa miguuni na kuteleza nazo juu ya theluji, kisha watavuka mlima kutoka ziwa hadi ziwa. Wapagazi walicheka mpaka wakakaa chini. Mirindi alikabidhiwa jozi moja. Aliifunga mgongoni wima, ncha zikapita juu ya kichwa chake na kunasa kwenye kila tawi.

"Mirindi anaenda kujenga nyumba ku mawingu," Munyemana alisema nyuma yake. "Mbao tayari, bado misumari."

"We uko na misumari ku kichwa, utanikopesha," Mirindi alijibu bila kugeuka.

Walipanda kwa siku kadhaa. Walipita msitu wa miti yenye ndevu za kuvu, wakapita mabonde ya matope, wakafika kwenye theluji, na Munyemana akaona kwa macho yake watu wazima wakivaa mbao, wakishuka mteremko kwa sauti kama ya kitambaa kinachochanwa, wakianguka, wakiinuka na kucheka kama watoto. Mmoja wao, kwa furaha, alimvua kofia yake ya sufu ya bluu akampa. Munyemana alisema baadaye kwamba siku hiyo alikuwa na furaha kuliko siku yoyote ya ujana wake.

Ila kwenye ziwa la kwanza la njia ya kurudi alipiga chafya. Ilikuwa chafya tu, kubwa, na mwamba ukairudisha. Haukupita muda mrefu mvua ya mawe ikawashukia mgongoni. Wapagazi hawakumwambia neno pale pale. Walipofika kwenye kibanda walimsogeza mbali na moto, na mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba Mnyarwanda anabeba nuksi ya kwao mpaka ku milima ya wenyewe. Mirindi alisogea akakaa naye pale pembeni, kwenye baridi. Hilo Munyemana hakulisahau, na ndilo lililofanya mambo yaliyofuata yawe mazito zaidi.

Kesho yake walipita kando ya ziwa jeusi. Wafaransa, kapita na wapagazi wengine walikuwa wametangulia. Mirindi alikuwa mbele yake, mwenye nguvu, akitembea haraka. Ukungu ulipanda kutoka majini, ukamfunika Mirindi miguu, kiuno, kichwa, mpaka zikabaki zile mbao mbili tu, ncha zake zikielea juu ya weupe kama pembe za mnyama anayeogelea. Mahali pale njia inagawanyika. Ya kushoto inaenda kibandani. Ya kulia inashuka kwenye korongo la mawe na matope ambalo halina pa kutokea.

Munyemana aliziona mbao zikienda kulia.

Alifungua mdomo. Jina lilikuwa tayari pale, kwenye ulimi. Akakumbuka mvua ya mawe, akakumbuka moto aliosogezwa mbali nao, akajiambia kwamba Mirindi si mtoto, atagundua mwenyewe na kurudi. Mbao zikaenda, zikazama. Yeye akashika njia ya kushoto.

Kibandani kapita aliuliza Mirindi yuko wapi. Hapo Munyemana angeweza bado kurekebisha kila kitu, mwanga ulikuwepo. Alisema hakumwona, alidhani ametangulia. Wakati wanahangaika kuulizana, giza likaingia, na kapita akakataza mtu yeyote kutoka.

Asubuhi walitawanyika kumtafuta. Wengine walienda huku na kule. Munyemana alikwenda moja kwa moja hadi korongoni, kwa kuwa alijua. Alimkuta Mirindi amekaa kati ya mawe, zile mbao amezisimamisha mbele yake zimkinge upepo, viatu vimeganda kama chuma. Alimbeba mgongoni mpaka kibandani, na kesho yake mpaka chini, akikataa kupokewa hata pale alipoanguka kwa magoti. Kwenye zahanati, vidole vya miguu yote miwili vilikatwa. Na kila mtu alimsifu. Kapita mwenyewe, asiyecheka, alimshika mkono akasema kijana huyu ana macho ya kuona ndani ya ukungu. Mirindi alilia begani pake.

Tangu hapo Munyemana aliishi na sifa ambayo si yake. Aliivaa kama ile kofia. Alipokutana na Marguerite, baada ya kurudi Rwanda mwishoni mwa tisini na nne, ndiyo hadithi aliyomposea: jinsi alivyombeba rafiki kutoka mlimani. Marguerite aliipenda. Alisema amechoka na habari za wanaume waliowaacha watu, huyu alibeba.

Mirindi alibaki Bukavu. Vita vilipoingia mji ule mwaka wa tisini na sita, Munyemana alikuwa Kamembe akitafuta kazi. Alisimama na watu wengine kwenye mteremko, wakasikiliza bunduki ng'ambo ya mto, wakaona watu wadogo kama siafu wakikimbia kupanda milima. Wengine waliwaza ndugu zao, nyumba zao. Yeye aliwaza miguu. Muntu asiye na vidole anakimbiaje? Vita vya pili vilipokuja mwaka wa tisini na nane aliwaza vilevile, na hakuuliza habari za Mirindi kwa mtu yeyote, kwa hofu ya jibu. Mwaka uliofuata akapata kazi machimboni. Siku ya kwanza, king'ora kilipolia na vumbi likafunika watu, alijikuta anaita majina. Hajaacha mpaka leo.

Sasa Mirindi alikuwa hai, na alikuwa anamsifu sokoni.

Marguerite aliposikia, furaha yake haikungoja ushauri wa mtu. Mtoto wao wa mwisho, Ndizeye, alikuwa anangoja ubatizo, na walikuwa hawajapata wa kumsimamia. Alimtuma Épiphanie amwambie Mirindi kwamba wanamwomba awe baba wa ubatizo wa mtoto. Épiphanie akarudi na jibu wiki hiyo hiyo: Mirindi alicheka, akaacha kiatu cha mteja katikati, akauliza mtoto anavaa namba gani, kwa kuwa anataka kumshonea viatu kwa mkono wake.

Munyemana alisikiliza habari ya viatu, akashindwa kumaliza chakula. Mtu atasimama mbele ya padri na kumshika mtoto wake, mtu huyo hana vidole, na amemshonea mtoto viatu. Usiku mzima aligeuka kitandani, na kulipokucha akamweleza mkewe kila kitu, tangu chafya hadi korongo.

Marguerite alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua. Alipofika mwisho wa ungo alisema, "Basi ulinioa na hadithi ya muntu mwingine." Siku kadhaa alimwita "wewe" badala ya Papa Umuhire.

Hata hivyo ni yeye aliyemwambia kwamba mtoto hatabatizwa juu ya uongo. Mirindi aambiwe kabla, akatae au akubali akiwa anajua. Kwa hiyo Munyemana alimngoja Épiphanie pale malori yanapopakia.

"Umwambie nilimuona," alisema.

"Ulimuona wapi? Ku Bukavu?"

"Ku mulima. Atajua. Umwambie nilimuona anapotea, nikanyamaza. Halafu bakaniuliza, nikadanganya."

Épiphanie aliteremsha gunia chini polepole. "Papa Umuhire, huu si muzigo wa kunibebesha. Mi nauzisha mucele."

"Ni wewe unavuka."

"Na akinitupia kiatu?"

"Ukiokote, uniletee."

Alivuka. Aliporudi alisimulia kwamba Mirindi alimsikiliza bila kuinua uso, sindano inaingia na kutoka kwenye ngozi. Alimwomba arudie, akarudia. Ndipo akauliza kitu kimoja: Munyemana alikuwa mbali kiasi gani?

Munyemana alilifikiria swali hilo siku nzima huku akipiga nyundo. Alijua anaweza kuongeza umbali kidogo, na hakuna aliye hai ambaye angempinga. Mwishowe alimwambia Épiphanie apeleke jibu hili: karibu. Kama angeita, angesikika.

Safari iliyofuata, Épiphanie alikuta nafasi ya Mirindi sokoni ni tupu. Kigoda hakipo, kopo la gundi halipo. Jirani yake, anayeuza sabuni, alisema fundi amefunga na hakusema anaenda wapi. Munyemana alipoambiwa alikwenda kazini kama kawaida, lakini siku hiyo aliita jina la mtu mmoja mara tatu ingawa ameshaitika, mpaka Bimenyimana akamsogelea na kumwuliza taratibu, bila utani, kama ni mgonjwa.

Marguerite alianza kumwita tena Papa Umuhire. Alisema bado kuna binamu yake wa Nyakarenzo anayeweza kumsimamia mtoto. Munyemana akamwomba wangoje.

Kisha, wiki hii, Épiphanie alimkuta tena Mirindi sokoni. Alikuwa amekwenda kwao Kabare, alisema, kukaa kidogo mahali pasipo na viatu vya watu. Amekonda. Chini ya kigoda chake kulikuwa na viatu viwili vidogo vya ngozi nyekundu, vimekwisha kushonwa, lakini hakumpa avibebe. Alimpa maneno, naye Épiphanie aliyashika vizuri njiani asipoteze hata moja.

"Anasema hivi. Jumamosi asubui, atakuja ku daraja. Atasimama kwa upande wa Kongo, pale bantu banaanza kuvuka. Wewe usimame kwa upande wako. Umuite jina. Usimutume muntu, usipunge mukono, umuite. Asema, kama ataniita, navuka, na mutoto atavaa viatu. Kama atanyamaza tena, narudia ku kazi yangu, na asinitumie salamu siku ingine."

Leo ni Jumamosi. Munyemana amefika Rusizi ya Kwanza mapema kuliko wauza nyanya. Marguerite amebaki nyumbani na mtoto. Amemfulia mumewe shati, na asubuhi alimfunga kifungo cha shingo, halafu akakifungua tena akasema koo lisibanwe. Épiphanie ameshavuka na gunia lake, ili amwonyeshe Mirindi pa kusimama.

Daraja ni jembamba, na chini yake mto unatoka ziwani kwa kishindo. Wanawake wanapita na ndoo, beseni, kuku waliofungwa miguu. Pande zote mbili kuna askari, na tangu vita kila mtu hapa huongea kwa sauti ya chini, kama kwenye nyumba yenye mgonjwa. Askari wa upande wa Rwanda, kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, amemwuliza mara mbili anangoja nini.

"Nangoja muntu. Nitamuita, atavuka."

"Mzee, hapa hatuiti bantu. Mukubwa wangu hapendi kelele ku daraja. Ukitaka muntu, unyamaze, umungoje mpaka afike."

"Nitaita jina moja tu."

"Ata moja."

Munyemana amesogea mpaka kwenye kamba ambayo raia hawaruhusiwi kupita. Askari amemsindikiza kwa macho, lakini bado hajainuka kutoka kwenye kiti chake. Moshi wa maji unapanda kutoka chini ya daraja na kufunika miguu ya watu wa ng'ambo, hivyo wanaonekana kuanzia kiunoni. Munyemana amevua kofia ya bluu na kuishika mkononi. Anapitisha macho kichwa baada ya kichwa, akitafuta mtu anayekanyaga kwa visigino, na pumzi yote anayoitumia machimboni ameivuta kifuani, ameishika hapo, anangoja.